Njiti Mkononi mwa Mama Mkwe

Jumatano ile Fundi Miwani alichelewa kutoka kazini kwa sababu ya bwana mmoja aliyekalia miwani yake mwenyewe. Bwana huyo aliingia dukani dakika kumi kabla ya kufunga, fremu imepindana kama panzi aliyekanyagwa, akasema hawezi kwenda popote bila macho maana gari analiendesha yeye. Fundi alikwisha kuvua koti lake la kazi. Akalivaa tena. Akaizamisha fremu kwenye bakuli la shanga za moto mpaka ikalainika, akaunyoosha mkono wa kushoto taratibu, akakaza skrubu mbili ndogo kuliko punje ya mtama, akampima bwana yule puani na nyuma ya masikio. Alipomaliza, saa ilikuwa imekwenda, na nyumbani walikuwa wanasubiri kula.

Njiani alinunua pakiti ya tambi, nyanya sita, kitunguu kimoja kikubwa na kopo la njegere. Jumatano ilikuwa siku ya tambi. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, akirudi Ijumaa kwa Ijumaa, kwa hiyo siku za katikati ya wiki kila kitu kilikuwa juu yake. Karani wa duka lao la miwani ndiye aliyemfundisha upishi wa sufuria moja: unapanga tambi mbichi, nyanya, kitunguu na viungo ndani ya sufuria moja, unafunika na maji, unawasha moto, unakoroga. Dakika ishirini watu wanakula, na chombo cha kuosha ni kimoja.

Mama mkwe wake hakuupenda upishi huo hata kidogo. Bibi huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni ya wasichana kwa miaka ishirini na sita. Alilisha midomo mia sita mara tatu kwa siku, na ilisemekana alikuwa na uwezo wa kusimama mlangoni mwa jiko la shule, akavuta pumzi moja, akajua sufuria ipi kati ya nane inakaribia kuungua. Alipostaafu akaja kuishi kwa mwanawe. Kwa maoni yake, tambi huchemshwa peke yake kwenye maji mengi, zikachujwa, na mchuzi ukapikwa pembeni kwa heshima yake. Kupika vyote pamoja ni kuwafunga mbuzi na chui zizi moja.

Hakuwa mtu wa maneno mengi mezani. Alionja kijiko kimoja, akatafuna, akatazama ukuta, kisha akatoa hukumu. Mara nyingi hukumu ilikuwa neno moja tu: "Kimelala." Maana yake chakula hakijaamka, viungo havijakolea, kimekaa kwenye sahani kama mgonjwa. Fundi alikuwa amelisikia neno hilo kwa miaka mitatu. Alibadilisha duka la viungo, akabadilisha mafuta, akaamka alfajiri kuunga nyama ili jioni iwe imekolea. Kuna usiku alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike. Kimelala.

Basi jioni ile alipanda ngazi mbilimbili, mfuko mkononi, akipanga kichwani: kitunguu kwanza, nyanya zikatwe wakati maji yanachemka. Hakuwa na haja ya kumchukua binti yake wa miaka tisa popote, kwani kila Jumatano mtoto alikuwa ghorofa ya pili kwa Mwalimu, jirani mstaafu aliyemsaidia hesabu mpaka saa moja. Huyo binti jengo zima lilimwita Redio, maana hakuwa na kifua. Alichokisikia asubuhi, mchana kilikuwa kwa mlinzi getini.

Alipofika ghorofa ya tatu, harufu ilimpiga.

Kwanza alidhani inatoka kwa mtu mwingine. Akaingiza ufunguo, akasukuma mlango, na hapo gesi ikamjia usoni nzito kama shuka bichi. Macho yalimwasha. Sebuleni hapakuwa na mtu. Giza la jioni lilikuwa limeanza kuingia, taa haijawashwa. Akatazama jikoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko, mgongo umenyooka, mtandio umefungwa vizuri. Mkono wa kushoto ameshika kiberiti. Mkono wa kulia ameshika njiti, na kichwa cha njiti kimekwisha kugusa ubavu wa kiberiti.

Baadaye Fundi hakukumbuka kuuweka mfuko chini. Alikumbuka tu kwamba sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya chini, ile anayoitumia kwa watoto wanaoogopa kupimwa macho.

"Mama. Usiwashe. Iweke chini hiyo njiti."

Mama mkwe aligeuka, uso wake umejaa mshangao wa mtu aliyekatizwa kazi. "Moto umezimika," alisema. "Nilikuwa nakuchemshia maji ya tambi."

"Iweke chini, Mama."

Sijui ni sauti au ni uso wa mkwewe, lakini bibi aliiweka. Fundi alivuka jikoni hatua tatu, akainama, akaifunga koki ya mtungi mpaka vidole vikauma. Juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa imejaa maji pomoni. Maji yalikuwa yamechemka, yakafurika, yakazima moto, yakatiririka mpaka sakafuni, na kitufe cha jiko kilikuwa bado kimefunguliwa. Akafungua dirisha la jikoni, akakimbilia la sebuleni, akafungua mlango wa roshani. Aliporudi alimkuta mama mkwe ameunyoosha mkono kuelekea swichi ya taa ukutani, na safari hii alipiga kelele. Bibi akaurudisha mkono kifuani kana kwamba ameungua. Fundi akamshika kiwiko, akamtoa nje mpaka kwenye ngazi.

Walisimama pale wote wawili. Harufu ilikuwa imejaa mpaka huko nje, paka wa jirani alikuwa ameshateremka. Na mama mkwe akamtazama usoni, akamuuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa:

"Kuna nini, mwanangu?"

Fundi alimtazama asimwelewe. "Mama, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Kuna mambo mtu huyaelewa polepole, kama anayesoma herufi za ubao wa macho kutoka juu kwenda chini, kubwa kwanza. Fundi aliuona uso wa yule bibi ukibadilika. Ulikuwa unatafuta. Pua ilivuta, ikavuta tena, macho yakazunguka huku na huko yakisaka kwenye uso wa mkwewe kile ambacho pua haikukileta. Kisha akaelewa kwamba amekwisha kujisaliti, akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa pindo la mtandio.

"Sisikii kitu," alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Tangu ile homa."

Homa ile ilikuwa ya miaka minne iliyopita, mwaka wake wa mwisho shuleni. Ililala naye wiki mbili. Ilipoondoka iliondoka na pua. Alidhani itarudi baada ya mwezi. Alirudi jikoni, akasimama mlangoni, akavuta pumzi, na zile sufuria nane zikawa kama sufuria za kuchorwa. Alimaliza mwaka kwa kukumbuka vipimo na kwa kuwatuma wasaidizi waonje, akijifanya anawafundisha. Wote walimsifu kwa moyo wake wa kufundisha. Ulimini ilibaki chumvi kidogo na sukari kwa mbali, kama mtu anayeitwa kutoka mtaa wa pili. Vingine vyote, nyama na sabuni ni mamoja. Hakumwambia yeyote, hata mwanawe.

Fundi alisimama ameshika ukuta. Alikuwa anahesabu bila kutaka: miaka mitatu ndani ya nyumba hii. Mchana kutwa yuko peke yake na jiko la gesi. Saa nane binti anarudi kutoka shule. Maziwa, nyama, mafuta ya taa aliyokuwa ameyaweka stoo kwenye chupa ya juisi. Kila siku alikuwa amefunga mlango, akaenda kusaga lenzi za watu asiowajua ili waone vizuri.

Mlango wa ghorofa ya pili ulifunguka. Mwalimu alitoka akiuliza ni gesi ya nani, na nyuma yake akatokea Redio na daftari la hesabu. Mtoto alivuta pumzi mara moja. Akamtazama bibi yake kwenye ngazi, akamtazama mama yake, kisha akasema kwa sauti ya kulaumu:

"Bibi, si tulikubaliana usiwashe mpaka niwepo ninuse?"

Hapo Fundi aliketi. Aliketi bila kuchagua mahali, ngazi ya chini ya mama mkwe, kama gunia lililoachiwa.

Redio alikuwa anajua. Ilitoka yote, kwa sababu sasa hapakuwa na cha kuzuia. Mwaka mmoja na miezi kadhaa, tangu siku alipomkuta bibi anakunywa maziwa yaliyoharibika bila kukunja uso. Waliwekeana ahadi. Kila akirudi shuleni alinusa jiko kwanza, kisha maziwa, kisha chochote kilicholala usiku. Bibi aliwasha moto yeye akiwa amesimama mlangoni. Mtoto huyu ambaye hakuweza kuficha zawadi ya siku ya kuzaliwa kwa saa mbili alikuwa amelibeba jambo hili mwaka mzima, akawa kimya kama maji mtungini. Fundi alimtazama kana kwamba ni mtoto wa watu. Akamuuliza kwa nini hakusema. Redio akajibu kwamba bibi alimwambia wakijua watampeleka mahali pa wazee.

"Nani alisema hivyo?" Fundi aliuliza. Hakuna aliyesema. Bibi alikuwa amejiambia mwenyewe.

Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu, hakuwa mtu wa machozi. Alipanda, akakagua koki, akawaambia hakuna kuingia kwa nusu saa, akawaingiza wote kwake, akawapa maji. Ilipotimu nusu saa alipanda tena na Fundi. Hewa ilikuwa safi. Walifuta maji sakafuni, wakaukaza mtungi, Mwalimu akasema jiko ni zima, halina kosa, linaweza kutumika. Fundi aliitazama ile njiti iliyolala kando ya jiko. Akasema leo hawezi. Akautoa mtungi, akausukuma mpaka roshani, akaufungia mlango. Mwalimu hakubishana. Alishuka, akarudi na jiko lake la umeme la sahani moja, lile la koili, na waya wake umezungushiwa utepe.

Na watu walikuwa bado hawajala.

Kwa hiyo alipika. Mikono inapojua kazi huifanya hata mwenyewe akiwa hayupo. Alipanga tambi kwenye sufuria pana, zikachomoza pembeni kama vijiti, akazivunja katikati. Akaanza kukata kitunguu. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Kisha akaingia, akamnyang'anya kisu bila kusema, akakata kitunguu vipande vyembamba sawasawa kama karatasi. Machozi yalimtoka ya kitunguu, kama yanavyomtoka kila mtu.

"Macho yanakisikia," alisema. "Pua ndiyo haina habari."

Fundi hakucheka. Alitia nyanya, kitunguu, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, kijiko cha chumvi, mafuta, akafunika na maji. Koili ilichukua muda kuwa nyekundu. Walisimama wakiisubiri, bega kwa bega, maana chumba kile hakikuwa na nafasi ya kusimama vinginevyo. Maji yalipoanza kuchemka, ndipo Fundi akauliza.

"Miaka mitatu, Mama. Kila jioni unaniambia kimelala. Ulijuaje?"

Bibi alichukua mwiko akaanza kukoroga. Tambi zilikuwa zinalainika, zinaanza kugandana, na alizitenganisha kwa subira.

"Sikujua," alisema.

"Hukujua."

"Nilikuwa nasema tu. Mpishi akiketi mezani watu humtazama, wanangoja aseme neno. Nikisema kizuri, utaniuliza kizuri kwa nini, nitasema nini? Nikisema kimelala, unanyamaza." Alikoroga. "Neno lile lilikuwa linanisitiri."

Fundi alimpokonya mwiko. Alikoroga kwa nguvu mpaka mchuzi ukaruka ukutani. Damu ilikuwa imempanda. Kama saa moja iliyopita alikuwa karibu kufa, na mwanawe angepanda ngazi akiwa na daftari, na bado kilichomchoma zaidi kwa wakati huo kilikuwa ni yale machozi ya bafuni. Alimwambia. Alimwambia habari za bomba lililoachwa wazi, duka la viungo alilolihama, alfajiri alizoamka. Hakupandisha sauti, Redio alikuwa sebuleni. Alisema mpaka akamaliza.

Mama mkwe hakujitetea. Alisikiliza, mikono imelala juu ya tumbo. Kisha akasema kwamba kitu kimoja alikuwa anakijua, nacho ni sahani ya mtoto. Sahani ya mtoto haisemi uongo. Jikoni kwao shuleni walikuwa wanahesabu mabaki, na siku ambayo ndoo ya mabaki ni nyepesi, mpishi analala usingizi. "Sahani ya Redio inarudi tupu," alisema. "Miaka yote mitatu. Niliiona, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokukosea, mwanangu. Unisamehe."

Fundi alisema bado amekasirika. Bibi akasema ana haki. Wakaendelea kuitazama sufuria. Maji yalikuwa yanapungua, yanageuka mchuzi mzito uliozishika tambi, na vipovu vilikuwa vinapasuka polepole kwa sauti ya midomo. Mama mkwe aliinamisha sikio. Akasema sauti hiyo imebadilika, chini kunaanza kushika, ipunguzwe. Fundi aligusa kwa mwiko: kweli, chini kulikuwa kunaanza kushika. Akapunguza. Akatia njegere. Walikula saa mbili na robo, sufuria katikati ya meza, Mwalimu naye amekaribishwa kwa sababu jiko ni lake.

Redio alirudi hewani. Alisimulia mambo yote aliyoyanusa mwaka mzima, moja baada ya jingine, kama mfungwa aliyeachiwa: mayai mawili mabovu, kitambaa kilichokuwa kinaungua juu ya pasi, samaki wa Jumatatu fulani. Kwa kila jambo Fundi aliweka kijiko chini. Mwalimu alimuuliza mtoto kama hakuchoka kubeba yote hayo. Redio alifikiri, akasema alichoka, hasa siku za mafua, maana siku hizo hakuna aliyekuwa ananusa.

Fundi alipoteremka kurudisha jiko la umeme, alifika katikati ya ngazi, hakuweza kuendelea. Aliketi na jiko mapajani, bado lina joto. Siku za mafua. Alijaribu kuhesabu mwanawe aliugua mafua mara ngapi mwaka ule. Mwalimu alikuwa nyuma yake, akaketi pia, akalichukua jiko akaliweka pembeni. Watu waliopanda waliwapita pembeni.

Kesho yake dukani alikata lenzi ya kulia kwa kipimo cha kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka sita. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, akaomba ruhusa ya mchana. Alimpeleka mama mkwe hospitali. Daktari wa pua na masikio alimnusisha vichupa kumi na viwili. Bibi alijibu kumi na viwili vyote kwa neno "maji." Daktari alisema kwa ukweli kwamba baada ya miaka minne hawezi kuahidi kitu, akampa mazoezi ya kunusa asubuhi na jioni, akasema nyumbani waache gesi. Jioni ile walinunua jiko la umeme la sahani mbili. Redio aliambiwa kazi yake imekwisha, atakuwa mtoto tu. Usiku alionekana amesimama jikoni ananusa. Mama yake akamrudisha kitandani.

Jambo lililobaki lilikuwa la mwana mwenyewe, yule dereva. Fundi alisema hatamwambia kwa simu mtu aliye barabarani, na mama mkwe akasema hakuna mtu mwingine atakayemwambia, atasema yeye mwenyewe. Ijumaa dereva aliingia na vumbi lake, akaoga, akaketi mezani. Palikuwa na nyama na wali. Mama yake alingoja mpaka ale matonge matatu, kisha akaanza, na alisema yote: homa, shule, pua, ile njiti. Hakuruka kitu. Aliposema njiti, aliinua vidole viwili vikiwa vimeshikana, kuonyesha jinsi ilivyokuwa karibu.

Dereva alibaki na tonge hewani. Alimtazama mkewe, kisha mtoto wake, kama anayewahesabu. Alilirudisha tonge kwenye sahani, akanyanyuka, akaenda jikoni. Walimsikia akifungua dirisha, ingawa lilikuwa wazi, akigusa mahali palipokuwa mtungi, akibonyeza vitufe vya jiko jipya kimoja kimoja. Akarudi, akaketi, akalichukua tonge. Akaliweka. Akanyanyuka tena.

Fundi alimwacha. Alijua ni zamu yake sasa; yeye mwenyewe ilimchukua siku mbili kutulia. Mume alipokwenda jikoni mara ya nne, ndipo mama yake alipomwita kwa jina lake la utotoni, ambalo Fundi hakuwahi kulisikia, akamwambia aje akae, ale, wali unapoa.